Sungura wawili ndani ya bedsita Free Area, harufu inanitoa kwa nyumba. Nisaidieni kabla mwenye ploti hajanisaidia kuhama

BedsitaNambaSaba
Wadau habari za jioni. Niko Nakuru, Free Area, bedsita ya chumba kimoja na choo ndani. Niko na sungura wawili nilitoa kwa jamaa mmoja wa Njoro mwezi wa tatu wakiwa wadogo kama ngumi, mweupe anaitwa Unga na wa kijivu anaitwa Makaa, wote wa kike venye huyo jamaa aliniambia. Miezi ya kwanza hakuna shida kabisa, nilikuwa najisifu kazini eti sungura hawanuki. Sasa wamefika miezi sita hivi na aki sijui nimekosea wapi, asubuhi kabla nifungue dirisha macho yanatoa machozi kama mtu anakata vitunguu.

Choo chao ni karai ya kunawia miguu, nimeweka vumbi la mbao la bure natoa kwa fundi, nabadilisha kila Jumamosi. Gololi za mavi ziko kila mahali, chini ya kitanda, ndani ya viatu, juzi nimefungua begi nikiwa kwa mkutano kazini ikatoka moja ikabingirika mezani mbele ya bosi, nikaifunika na mkono nikaendelea kuongea.

Nimejaribu majivu, nimejaribu sprei ya maua, nimejaribu uvumba, kila jioni napiga deki na Jik pale wanakojoa. Wiki iliyopita niliamua niwe namwaga ile taka yao kwa choo changu nikaziba bomba la ploti nzima, keateka sasa akiniona anakohoa. Msiniambie niwauze.

KitoweoTu
Sufuria, kitunguu, nyanya, dhania. Shida imeisha.

BedsitaNambaSaba
Wewe nilijua lazima utakuja.

JiraniWaPondamali
Ndugu, kabla watu wakupe dawa mia moja jibu haya kwanza. Wanakula nini? Karai iko kwa kona gani na wao wanakojoa kwa kona gani? Hiyo mbao ni ya mti gani? Na una hakika gani ni wa kike wote wawili?

BedsitaNambaSaba
Wanakula peleti za agrovet, bakuli limejaa siku yote, na luseni kwa sababu niliambiwa iko na nguvu, na karoti, na mkate ule unabaki. Karai iko karibu na mlango ili iwe rahisi kutoa nje, lakini wao wanapenda kukojoa nyuma ya kochi. Mbao sijui. Ya kike aliniambia yule jamaa.

Nyar_Kano
Nimesoma nikacheka, halafu nikahurumia, kwa sababu mimi nilianza hivyo hivyo hapa Kisumu, Migosi, na joto la huku unalijua, kitu ambacho Nakuru kinanuka baada ya siku tatu huku kinanuka saa nane mchana siku hiyo hiyo. Niko na sungura ndani ya nyumba mwaka wa nne sasa na wageni wanakaa saa nzima ndio wanauliza hii kitu imeruka nyuma ya pazia ni nini. Kaa chini nikueleze polepole.

Kitu cha kwanza, gololi si adui yako. Gololi kavu ni nyasi tu imesagwa, haina harufu ya kukutoa kwa nyumba, na sungura mmoja mkubwa anatoa zaidi ya mia mbili kwa siku kwa hivyo ukianza kupigana nazo utapigana mpaka uzeeke. Adui ni mkojo, na si mkojo mpya, ni ule wa zamani. Ukitoka tu haunuki sana, halafu bakteria wanaanza kuvunja ile yurea ndani yake inageuka amonia, na hiyo ndiyo inakutoa machozi. Sasa ukikaa na karai kutoka Jumamosi mpaka Jumamosi wewe haufugi sungura, unapika amonia. Na kumbuka wewe pua yako iko juu, ya sungura iko chini kabisa pale pale kwa karai. Wakivuta hiyo hewa kila siku njia ya pua inachubuka na ugonjwa wa mafua ya sungura unapata mlango. Ukisikia wanapiga chafya na manyoya ya miguu ya mbele imeshikana kwa kupangusa pua, hapo si mambo ya harufu tena, ni daktari wa mifugo.

Kitu cha pili, karai ya kunawia miguu ni ndogo na iko na ukuta mfupi. Sungura akikojoa anarudi nyuma kabisa mpaka matako yanagusa ukuta, anainua mkia, na mkojo unatoka nje juu ya ukingo, wewe unafikiria amekataa choo na maskini yuko ndani ya choo. Mimi nilichukua jerikeni ya lita 20 ya mafuta ya kupikia, ile ya mraba, nikailaza nikakata upande mmoja wote juu, halafu mbele nikakata chini kidogo pa kuingilia, ukingo nikapitisha kisu cha moto usiwakate. Ukuta wa nyuma unabaki juu. Kwa sungura wa kilo mbili inatosha, kama wako ni wale majitu nunua lile boksi la plastiki la kuwekea nguo.

Tatu, na hii ndiyo ilinibadilishia maisha: weka chakula chao cha nyasi ndani ya choo. Ndiyo, ndani. Sungura anakula huku anakunya, ameumbwa hivyo. Ukiweka nyasi kavu upande wa nyuma wa boksi, ama uitundike juu yake afikie akiwa amekaa ndani, atakaa hapo nusu ya siku anatafuna na gololi zote zinaanguka mahali pamoja. Ukiweka nyasi upande ule mwingine wa nyumba unamwambia achague kati ya tumbo na choo na atachagua tumbo.

Nne, usipange wewe choo kiwe wapi. Wamechagua nyuma ya kochi, basi choo ni nyuma ya kochi. Peleka hapo, weka ndani gololi zao kidogo na kipande cha gazeti chenye mkojo wao wajue ni pale. Baada ya mwezi kama unataka kikaribie mlango sukuma kidogo kidogo, nusu hatua kwa siku.

Chini mimi naweka gazeti, halafu maranda urefu wa vidole vitatu, halafu nyasi. Kila asubuhi kabla chai natoa ile kona iliyolowa tu na koleo ndogo, naongeza maranda kavu, dakika mbili. Siku ya tatu namwaga yote. Huku Kisumu wakati wa joto ni siku ya pili.

JiraniWaPondamali
Hakuna cha kuongeza hapo, ila chakula. Bro, peleti za agrovet zimetengenezewa sungura wa nyama, anene haraka achinjwe, protini iko juu. Mwili haiwezi kuweka hiyo yote, inatoka kwa mkojo kama yurea, na Nyar Kano ashakwambia yurea inageuka nini. Yaani harufu inaanzia kwa bakuli. Luseni nayo ni protini na kalsiamu, na sungura si kama sisi, kalsiamu ikizidi anaitoa kwa mkojo, ndio unaona ule mkojo mweupe kama maji ya chokaa ukikauka unashika sakafu kama saruji.

Nyasi kavu ya Boma Rhodes, bila kipimo, mchana na usiku. Peleti robo kikombe kwa siku kwa sungura wa kilo mbili, basi. Majani mabichi kidogo. Luseni ni ya watoto wanaokua na mama anayenyonyesha. Mkate acha kabisa. Karoti kipande kama kidole mara moja moja. Lakini usikate peleti siku moja, punguza kwa wiki mbili tatu tumbo lizoee.

Na robota moja la nyasi hao wawili watakula miezi. Shida yake ni pa kuliweka bedsita, mimi langu liko chini ya kitanda na mke wangu ameacha kuuliza.

BedsitaNambaSaba
Nauliza kitu, kuna yale mavi mengine laini yameshikana kama kishada cha zabibu yananuka vibaya sana, naona wanayakanyaga. Hiyo ni kuhara?

Nyar_Kano
Hapana. Hiyo ni ile ya kula. Sungura anatoa mavi aina mbili, ile laini anaichukua moja kwa moja kwa matako anaila, kawaida haupati kuiona. Ukiona inabaki chini jua ameshiba sana peleti na vitu vitamu, haitaki. Punguza kama Jirani amesema utaona inapotea. Kuhara kwenyewe ni maji maji, na hiyo usingoje mpaka kesho.

FundiMaranda
Mimi ni fundi wa viti hapa Nakuru, mtaa wa Shabab, acha niongee ya mbao. Vumbi na maranda ni vitu viwili. Vumbi ni ile unga ya msumeno, inaingia pua, inashika manyoya yakiwa maji, na sungura anatembea nayo nyumba yote. Maranda ni ile inatoka kwa randa imejikunja, inanyonya vizuri na haipeperuki. Ya kwanza usichukue hata ya bure.

Halafu mti. Hapa Nakuru mbao nyingi ni saiprasi na paini kutoka Elburgon na Molo. Ikiwa mbichi inanukia vizuri watu wanafikiria inaua harufu, lakini ile harufu yenyewe ni dawa ya mti na wanyama wadogo haifai kuivuta kila siku, inasumbua ini. Chukua ya mbao iliyokaushwa vizuri, ukinusa gunia likikupiga pua liache lianike juani siku kadhaa. Mutarakwa (mwerezi) usiguse. Na uulize fundi kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa, hiyo nayo usiguse. Watu wa kuku wanatumaliza maranda hapa kwa hivyo kuja asubuhi.

Omera_wa_Ahero
Huku kwetu makapi ya mchele yako bure milima kwa milima. Yanafaa?

Nyar_Kano
Omera nilijaribu. Hayanyonyi, mkojo unapita unalala chini, juu unaona kavu, ukiinua unaanguka. Machicha ya miwa ya huko Muhoroni yananyonya kweli lakini yasipokauka vizuri yanaota ukungu, na sungusungu wote wa Nyanza wanakuja kwa sababu ya sukari. Nilirudi kwa maranda na gazeti.

MzeeWaElburgon
Vijana mnapenda kufanya mambo ngumu. Majivu. Tangu zamani choo cha shimo tunaweka majivu, harufu kwisha na nzi kwisha. Huyu kijana aongeze majivu tu.

BedsitaNambaSaba
Mzee nimeweka majivu wiki mbili. Naona kama inazidi lakini nikadhani ni akili yangu.

TichaWaMaabara
Si akili yako. Mzee wangu kwa heshima, choo cha shimo ni kinyesi zaidi, majivu yanakikausha na kukifunika, na hapo uko sawa kabisa. Lakini mkojo uliokaa ni kitu kingine. Majivu ni kama magadi, na ukiweka magadi kwa mkojo ulioanza kuoza ile amonia iliyokuwa imelala ndani ya maji inatoka yote kama hewa kwa mara moja. Mkulima yeyote aliyewahi kuchanganya chokaa na mbolea ya samadi mbichi anajua venye pua inawaka. Chokaa, majivu, hiyo ni familia moja. Unataka kinyume chake, kitu kichachu. Vinega nyeupe ya kawaida.

Na kijana, hiyo Jik. Umesema unapiga deki na Jik pale wanakojoa, juu ya mkojo wenyewe? Usirudie tafadhali. Jik ikikutana na amonia inatoa gesi mbaya ya kufunga kifua, hayo machozi ya asubuhi nusu yake pengine unajitengenezea mwenyewe jioni. Na sasa ukisikia vinega usiende kuchanganya na Jik ukidhani ni nguvu mara mbili, hiyo nayo inatoa klorini. Moja tu, nayo ni vinega.

MzeeWaElburgon
Haya mwalimu. Ya choo umenikubalia hata hivyo.

TichaWaMaabara
Ya choo nimekubali mzee.

Nyar_Kano
Vinega namna hii: boksi likiwa tupu mwaga vinega ilowe ile gamba nyeupe, acha nusu saa, utaona inatoa povu kidogo, halafu sugua na suuza. Sabuni pekee haitoi hiyo gamba hata usugue mpaka Krismasi. Sakafu nusu vinega nusu maji. Usisafishe boksi mpaka linukie kama duka la dawa, acha dalili kidogo ya kwao, la sivyo watasahau ni choo wakatafuta kona nyingine.

BedsitaNambaSaba
Sawa. Nimeandika yote. Jerikeni nimepata kwa mama chapati, Jumamosi nakata. Picha ya hao wawili hiyo hapo muone sababu siwezi kuwauza.

JiraniWaPondamali
Makaa mgeuze alale chali upige picha hapo chini.

BedsitaNambaSaba
Kwani?

JiraniWaPondamali
Wewe geuza. Shika matako vizuri asipige teke akavunja mgongo.

BedsitaNambaSaba
[picha]

FundiMaranda
😂😂😂😂

Nyar_Kano
Woi. Baba Makaa hujambo.

KitoweoTu
Hata mimi nimeona na sijui kitu ya sungura.

JiraniWaPondamali
Ndio nilikuwa nauliza mwanzo. Dume, na ako na mali yote iko nje. Ndio maana miezi ya kwanza hakukuwa na shida. Akibalehe anaanza kurusha mkojo kwa ukuta, kwa kochi, kwa mwenzake, kuonyesha hapa ni kwake, na huo mkojo wa dume unanuka zaidi. Hakuna maranda ya kumaliza hiyo. Amewahi kukuzunguka miguu akinguruma?

BedsitaNambaSaba
Kila jioni. Nilidhani ananipenda. Alikojolea suruali ya dadangu akiwa amesimama tu.

JiraniWaPondamali
Anakupenda ndiyo, kwa njia yake. Watenganishe leo, si kesho. Sungura anabeba siku 31 tu na siku hiyo hiyo ya kuzaa anaweza kushika nyingine. Halafu tafuta daktari wa mifugo amhasi. Tafuta mwenye amewahi kufanya sungura, uliza waziwazi amefanya wangapi, wengi hapa wamezoea ng'ombe na mbwa. Akikwambia umnyime chakula usiku kabla ya upasuaji toka hapo, sungura hatapiki na tumbo lake halifai kukaa tupu. Baada ya kuhasiwa mpe wiki nne mpaka sita ndio homoni iishe, na hizo wiki zote bado anaweza kuzalisha kwa hivyo usimrudishe kwa Unga mapema.

Nyar_Kano
Na Unga naye fikiria baadaye. Jike asipofanyiwa, akizeeka saratani ya mji wa mimba huwa inawapata sana. Lakini ni upasuaji mkubwa kuliko wa dume, usiharakishe, anza na huyo bwana.

---

BedsitaNambaSaba
Wadau nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimefanya kila kitu. Jerikeni mbili, moja ya kila mtu, nyasi ndani, maranda ya Fundi (asante, nilikuja asubuhi), peleti nimeshusha, luseni imekwisha. Makaa alihasiwa Jumatatu iliyopita, alikula jioni hiyo hiyo. Unga ameshika choo siku mbili tu, gololi za nje sasa nahesabu kumi. Nimeachana na yale mavi ya zabibu, yamepotea kama Nyar Kano alisema.

LAKINI. Ukiingia bado unanusa. Si kama zamani, lakini iko, na jua likipiga dirisha saa tisa inaamka. Boksi ninaweka pua ndani kabisa, hainuki. Sielewi.

KitoweoTu
Labda ni wewe.

FundiMaranda
Sakafu yako ni nini?

BedsitaNambaSaba
Saruji, halafu nimetandika ule mkeka wa plastiki wa maua.

FundiMaranda
Umewahi kuuinua?

BedsitaNambaSaba
...

Narudi.

BedsitaNambaSaba
Jamani. Nimesukuma kochi nikafunua mkeka. Sitapiga picha. Mkojo uliingia kwa ule mkato kando ya ukuta ukalala chini miezi mitatu, saruji imekuwa nyeupe kama imepakwa rangi, na mkeka wenyewe upande wa chini unateleza. Nilitoka nje nikakaa kwa ngazi kidogo.

Nyar_Kano
Pole sana mwanangu. Hiyo sasa ndiyo nyumba yako ilikuwa inanuka, si sungura. Kile kipande cha mkeka tupa, hakioshiki. Saruji inanyonya, kwa hivyo mara moja haitoshi: mwaga vinega, acha, sugua na brashi ngumu, futa, acha ikauke na dirisha wazi, kesho tena, siku tatu nne. Sungura wakae upande wa jikoni wakati huo. Miguu ya nyuma ya kochi pia angalia, na ile kitambaa inaning'inia chini.

FundiMaranda
Ikishakauka kabisa nunua rangi ya sakafu kidogo upake hiyo kona, ama angalau weka kipande kimoja kizima cha mkeka ukipandishe ukutani vidole vinne badala ya kuishia kwa kona. Kona ndiyo inavujisha.

TichaWaMaabara
Na hiyo Jik iliyobaki nyumbani mpe keateka kama zawadi.

BedsitaNambaSaba
Keateka tumepatana. Alikuja kuuliza hiyo taka napeleka wapi siku hizi kwa sababu bomba haizibi, nikamwonyesha gunia. Akashika gololi na mkono akanusa, akasema hii si inawekwa kwa sukuma moja kwa moja. Nikamwambia ndiyo, haichomi mimea kama ya kuku mbichi. Sasa kila siku ya tatu anapitia mlangoni na ndoo. Mkojo pia ameuliza, anasema kuna mtu Lanet ananunua wa kunyunyizia mboga, nikamwambia huo uko kwa maranda, achukue pamoja.

MzeeWaElburgon
Gololi za sungura na sukuma, hapo mmesema kweli. Mimi naweka gunia mbili kwa mstari.

JiraniWaPondamali
Namba Saba, karibu wiki mbili zingine zimeisha, Unga je? Siku 31 umehesabu kutoka ile siku uliwatenganisha?

BedsitaNambaSaba
Nimehesabu kwa kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Leo ni siku ya 34. Hajang'oa manyoya, hajajenga kitu, anakula nyasi ndani ya jerikeni ananiangalia tu. Kona ya kochi nimepiga vinega mara ya nne jana, leo saa tisa jua limepiga dirisha nikakaa hapo chini kabisa na pua kwa sakafu kama dakika tano. Nimenusa saruji.

KitoweoTu
Basi alika watu.

BedsitaNambaSaba
Njoo, lakini ni chapati na maharagwe.